Filimbi Niliyopiga Mama Yako Akiimba

Ndugu yangu Kizito,

Nilitaka kuanza na habari za mji, kama tulivyokuwa tunafanya kila ulipokaa Goma wiki nzima kisha ukarudi. Nikaandika mistari minne juu ya mvua na juu ya Faustin kunyoa zile rasta zake, halafu nikaichana karatasi. Si hayo yaliyonifanya nishike kalamu. Nimefanya jambo la aibu, Kizito. Nimelifanya mbele ya mama yako, juu ya wimbo wako.

Nakusikia unavyonikatiza: «We Konso, sema kitu, wacha kuzunguka kama pikipiki inatafuta abiria.» Haya. Nasema.

Unajua bendi yenu ilivyonyamaza tangu tukuzike. Hapana, hujui. Ngoja nikwambie. Miezi minane hakuna aliyegusa chombo. Faustin alifunika dramu zake kwa shuka. Gitaa lako lilibaki chumbani kwa mama yako, limeegemezwa pale pale ukutani, na yeye akawa analipangusa vumbi kila Jumamosi. Kibanda chako cha kutengeneza simu karibu na Petite Barrière, pale mpakani, sasa kina mama mmoja muuza nyanya, na ubao wako wa «Réparation» ameulaza akaufanya meza. Nikipita pale naangalia upande mwingine.

Na sisi mashabiki tukabaki kama vifaranga waliofiwa na mama yao. Unakumbuka tulivyoanza, watu kumi na mmoja tu, tunarukaruka nyuma ya nyumba yenu hapa Gisenyi, mtaa wa Nengo, majirani wanasema tumepagawa? Mji mzima unataka muziki wa kucheza kiuno, sisi tunataka gitaa linalonguruma. Ukaiita bendi Makoro, kwa yale mawe meusi ya volkano tunayojengea kuta, ukasema, «Hii muziki iko nguvu kama ile mawe, na ilitoka kwa moto.» Mimi nikashona vizibao vyeusi vya mashabiki kwa vitambaa vilivyobaki dukani kwangu. Chako ulikichakaza bega la kushoto kwa mkanda wa gitaa, nikakitia kiraka cha ngozi ya kiatu. Nikanunua na filimbi, ile ya refa, nikawa kiongozi. Nikipuliza mara tatu, wote wanapiga kelele.

Nilipenda kuwa kiongozi, Kizito. Huo ndio mwanzo wa aibu yenyewe. Nilikuja kuamini kwamba Makoro ni yangu, kwamba mimi ndiye ninayejua Makoro ni nini na si nini.

Siku ile hospitalini ulikuwa umekaa kitandani, mito miwili mgongoni, huwezi hata kushika kijiko vizuri. Uliniambia kwa sauti ndogo, «Niliandika wimbo moja ya polepole. We utacheka.» Nami nikajibu upesi, kwa kujiona mjanja: «Rock ya polepole ni uji wa mgonjwa.» Na bakuli la uji lilikuwa hapo hapo mezani, kando yako. Ulicheka kwa sababu wewe ni mtu wa adabu. Halafu ukageukia ukuta, ukasema umechoka. Hukuniimbia. Na mimi sikuomba. Ningeomba tu, ningesikia hata mstari mmoja, yasingetokea ya Jumapili.

Jumapili iliyopita, basi. Faustin alituma ujumbe kwenye kundi letu la simu: «Saa tisa alasiri, ufukweni. Makoro.» Basi, hayo tu. Sikulala vizuri kwa furaha. Tulifika watu wengi kuliko siku zote. Walikuja wa Gisenyi, walikuja wa Goma na karatasi zao za kuvuka mpaka mkononi. Alikuja Patient, yule kijana mrefu wa Birere, kule Goma, anayechomelea milango ya chuma, uliyekuwa ukimwita Poteau kwa sababu alisimama kama nguzo mbele ya watu wafupi. Alivaa kizibao nilichomshonea. Akasimama karibu nami, akaniambia, kwa lile «Ya» lao la kumheshimu dada mkubwa, «Ya Konso, leo hata mi nitalia.»

Walipotoka bendi, tulitazamana kwa mshangao. Hakukuwa na dramu. Hakukuwa na spika zile kubwa. Faustin alikuwa na ngoma moja ya mkono, wale wengine wawili wamekaa kwenye viti na magitaa ya mbao yasiyo na waya. Na katikati yao, kwenye kiti cha nyumbani kwenu chenye mto wa maua, amekaa mama yako. Amevaa kitenge chake cha Jumapili na kitambaa kichwani, mikono magotini, kama anayesubiri kuitwa kwa daktari.

Faustin hakueleza kitu. Sijui kwa nini. Labda alidhani tutaelewa. Mama akaanza kuimba.

Sauti yake unaijua, ile ya kwaya ya parokia, nyembamba juu na inayotetemeka chini. Wimbo ulikwenda polepole. Nyuma yangu mtu akacheka. Mwingine akasema, «Tumekuja misa ya pili?» Nami nikahisi joto linanipanda. Niliona kwamba Makoro imeuawa, kwamba wameichukua baada yako wakaigeuza kitu cha kanisani, na sitakubali. Nilijiambia natetea jina lako! Nikatoa filimbi.

Patient alinishika mkono. «Ya Konso, wacha. Sikiliza kwanza, ndo utajua.»

Nikautoa mkono wangu. Nikapuliza mara tatu.

Unajua walivyozoea. Filimbi ikilia mara tatu, wanapiga kelele. Nikaanzisha, «Tunataka umeme! Tunataka umeme!» na wote wakaitika, wakapiga makofi, wakakanyaga chini. Mama aliendelea kuimba. Aliendelea mistari miwili mitatu, midomo inakwenda, sisi hatumsikii. Halafu akaacha. Hakukasirika. Aliinua uso, akawa anatafuta kwa macho upande ilikotoka filimbi.

Faustin akachukua maikrofoni. Akasema, «Huu wimbo ni wa Kizito. Aliuandika kitandani. Alisema mama ndiye auimbe, mtu mwingine hapana.»

Hakuna aliyepiga kofi tena, Kizito. Hata watoto waliokuwa wanaogelea nyuma yetu waliacha kupiga maji.

Mpaka hapo ningeweza bado kuwa mtu. Ningetoka mbele, nikapiga magoti. Lakini walikuja wanaume wawili wa ulinzi wa pale, wamekunja uso, wakauliza, «Nani anapiga filimbi hapa?» Filimbi nilikuwa nimekwisha kuitia mkobani. Watu waliniangalia, wakainamisha macho, kwa sababu mimi ni kiongozi wao. Na mdomo wangu, huu huu niliolia nao kwenye mazishi yako, ukasema: «Ni hawa waliotoka ng'ambo.»

Wakamwona aliye mrefu kuliko wote.

Walimshika Patient kwenye kola. Alikuwa na neno moja tu la kusema: fungueni mkoba wa Konso. Hakulisema. Aliniangalia mara moja, kisha akaangalia njia anayopelekwa. Kizibao kilichanika begani, nilisikia kitambaa kinavyolia, nami ni fundi, najua sauti hiyo. Wakamvusha barabara, wakamwambia arudi kwao.

Mama akaanza upya. Sasa ndipo nilipousikia wimbo wako. Ndani yake kuna mama anayebisha mlango, ana birika la chai, na watoto walio ndani hawamsikii kwa kelele zao. Anangoja, chai inapoa, anarudi kuipasha moto, anabisha tena. Alikuwa yeye, na sisi tulikuwa sisi, siku zile zote nyuma ya nyumba, anapokuja na chai ya tangawizi na sambaza, dagaa wetu wa ziwani, za kukaanga, anapiga kelele, «Mutaniangushia nyumba!» na wewe unakula halafu unashika nyuzi kwa vidole vya mafuta, Faustin anakulaani. Watu walianza kulia. Msichana mmoja mbele alikaa chini mchangani, akajifunika uso.

Halafu, mwishoni kabisa, yule mama wa wimboni alipobisha mara ya mwisho, Faustin akavuta turubai lililokuwa nyuma yao. Dramu zilikuwa hapo. Spika zilikuwa hapo. Gitaa lako lilikuwa hapo, akalichukua mpiga besi, mmoja wa wale wawili, wakawasha. Wimbo wako wa polepole ulikuwa na mkia wa mawe! Ulikuwa umetupangia hivyo: tungoje, tusikilize, ndipo mlango ufunguke. Watu waliruka huku wanalia. Walikumbatiana na wasiowajua. Mama yako alisimama kutoka kwenye kiti chake, akapiga makofi juu ya kichwa kama msichana.

Mimi sikuruka. Nilikuwa nafikiria kwamba mtu mmoja tu kati yetu alisema tusikilize kwanza, na yeye yuko barabarani na kizibao kilichochanika, anasikia kwa mbali.

Jioni kundi la simu likajaa. Kila mtu anasema haijawahi kutokea kitu kama kile. Wengine wakaandika maneno mabaya juu ya watu wa Goma, kwamba wanakuja kutuharibia. Mmoja akaandika, «Asante kiongozi wetu Konso kwa kuwataja.» Nikaizima simu. Jumatatu sikufungua duka.

Jumanne nilikwenda kwa mama yako. Alikuwa uani anamenya mihogo. Alinionyesha kigoda, akanipa kisu, tukamenya. Nilimenya mihogo mitatu kabla ya kufungua mdomo.

«Mama, ile filimbi...»

«Niliisikia,» akasema, hakuinua uso. «Miaka yote ile filimbi ilikuwa inapasua masikio yangu hapa nyuma ya nyumba. Ningekosa kuijua?»

«Mbona hukusema?»

«Nilikuwa nangoja uje mwenyewe. Umekawia, mukobwa wanjye.»

Kuniita binti yake, hapo ndipo nilipolia. Hakunibembeleza. Nikamwambia na la pili, la Patient, kwa sababu niliona akinisamehe la kwanza peke yake nitakuwa nimemwibia msamaha. Hilo hakulijua. Aliweka kisu chini.

«Ile ya kunipigia filimbi, hiyo iko yangu,» akasema. «Nitaona namna gani. Lakini ya ule mutoto wa watu, hapa kwangu hauna kitu ya kuomba. Enda kwake.»

Akachukua beseni, akaingia ndani. Sikumfuata.

Nilirudi nyumbani nikaandika kwenye kundi: «Filimbi nilipiga mimi, Konso. Patient alinikataza. Nilisema uongo kwa walinzi, na ninyi mlionyamaza mlinyamaza kwa ajili yangu.» Niliisoma mara kumi kabla ya kuituma. Majibu usiniulize. Mmoja aliniita nyoka. Wengine waliondoka kwenye kundi bila neno. Faustin alinivua uongozi, hakunipigia hata simu, na simlaumu. Patient aliandika neno moja: «Nimeona.» Hakuongeza kitu tangu siku hiyo.

Nimekuwa nikisoma hilo «Nimeona» kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Halina hasira ndani yake, wala halina salamu.

Ningependa kukuambia kwamba yamekwisha. Hayajakwisha. Mama yako jana alimtuma jirani aniletee mihogo ya kuchemsha, kwenye sahani yake mwenyewe, ambayo itanibidi niirudishe. Sijui kama ndiyo kusema karibu. Bendi wanapanga kuuimba tena wimbo wako, na wameniambia kama ninataka kuja, nije kama watu wengine. Nitakuja kama watu wengine.

Kesho asubuhi navuka. Nimemshonea Patient kizibao kipya, mshono mara mbili begani, lakini sikipeleki kama malipo, kwa sababu kitambaa hakiwezi kusema niliyotakiwa kusema. Nimeuliza, nimeelekezwa karakana yao ilipo Birere. Mchana huwa wapo wachomeleaji wengi pale, na ninaogopa, Kizito. Anaweza kuniambia niondoke. Anaweza kuendelea kuchomelea asinione kabisa. Ni haki yake.

Siwezi kukuahidi kwamba atanisamehe, hiyo si yangu kuahidi. Ninachokuahidi ni hiki: sitamwita pembeni. Nilimchafua mbele ya watu, nitamsafisha mbele ya watu, kwa sauti inayosikika juu ya mashine zao, hata kama watacheka.

Lala, ndugu yangu. Nakuja kaburini kwako nikitoka kwake. Si kabla.

Konso