Kutu ya Benchi la Tatu

Kaka mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mgongo umekuachia walau uiname kufunga viatu. Wifi na kile kichanga chenu nawasalimu sana. Mimi sijambo, ila nimechoka, na sehemu ya uchovu huo ni wewe.

Umenipigia simu mara sita kuuliza kwa nini ngano ya maabara yetu, tuliyokwambia haishikwi na kutu, ule ukungu mwekundu wa majani, imeshikwa na kutu. Mara sita nimekueleza, mara sita umesema wasomi maneno mengi. Haya, soma taratibu. Ngano ile huitambua kutu kama mlinzi anayemtambua mwizi kwa kofia yake. Kofia hiyo ni jeni moja ya kutu. Jeni ikipotea, mwizi anapita kichwa wazi na mlinzi anamwamkia. Hatukukudanganya, Kaka. Kutu hubadilika, na haimwombi mtu ruhusa.

Mkubwa wangu wa maabara naye ananimaliza. Kila asubuhi anasimama mlangoni, kikombe mkononi, kuuliza majibu ya yale majani uliyonitumia. Nilimwambia narudia kipimo. Akasema anayerudia kipimo mara nne ni mtu asiyependa jibu lake. Nilimnunia siku nzima, maana alisema kweli.

Halafu wifi ananiambia umemfukuza jirani yako wa ng'ambo ya mfereji mbele za watu, eti ndiye aliyekuletea ugonjwa kwa mbegu zake za kuokoteza. Miaka ishirini mmevuniana, leo hamwamkiani! Hapo ndipo nilipokosa usingizi.

Kaka, si yeye. Kutu ya shambani kwako imepoteza kipande cha jeni ambacho nimekiona kimepotea mahali pamoja tu: benchi la tatu, katika nyumba yetu ya vioo tunamooteshea ngano ya majaribio, kwenye vyungu ninavyovimwagilia mwenyewe. Ilibadilika humo humo, mbele ya macho yangu. Tuna sheria kwamba ukitoka humo unaoga na kubadili nguo, vumbi la kutu lisitoke nawe. Siku nilipokuja kumwona mtoto nilikuwa nimechelewa, nikaja na koti la kazi. Ukanitembeza shambani ukijisifu, nami nikayapapasa majani, mstari baada ya mstari, nikikusifu. Ni mimi, Kaka. Na nimelijua hilo wiki tatu, nikikuacha umtukane mtu wa watu.

Leo nimemwambia mkubwa yote. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. Koti nimelichoma.

Jumamosi nakuja. Nitapita kwanza kwa jirani yako kumwomba radhi, na ningefurahi nikikukuta umeshatangulia kuketi hapo. Ukiona huwezi kunitazama, nitakuelewa.

Nibusie mtoto. Mimi mwenyewe sitamshika mpaka uniruhusu.

Ndimi mdogo wako,
niliyekuharibia shamba.