Miezi Mitatu Katika Daftari la Baba

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Nianze na goti: bado linagoma kwenye ngazi, au hatimaye umeikubali ile fimbo uliyosema ni ya wazee? Mimi huku ni mzima, na kitambi changu ni kizima kuliko mimi. Wifi yako anakusalimu. Ameniamuru niandike kwa mwandiko unaosomeka, maana barua iliyopita ulimpigia simu kumuuliza kama nimepooza mkono.

Barua yako niliipata Jumatatu. Umenisifu mpaka nikaona haya. Unasema chama chenu cha watumiaji maji kimeletewa mpango mpya wa bonde zima la mto, kurasa mia mbili na kumi, nawe kama mwenyekiti unatakiwa kutia sahihi kabla ya mwezi kwisha. Unasema hujausoma wala huna haja, kwa kuwa umeandikwa na mdogo wako. Dada, nakuomba uiweke kalamu mbali, kisha ukae kitako. Nina maneno.

Kwanza nikueleze kazi yetu, maana najua unawaambia watu kwamba "napanga mto," nao wanadhani nimeshika jembe. Chumba chetu kina meza sita, feni moja inayolia kama mbuzi, na ramani iliyofunika ukuta mzima. Juu kabisa ni milima. Chini, karibu na ndoo ya taka, ndipo nyumbani kwetu. Kila mtu bondeni anataka maji. Wakulima wa juu wanataka mifereji, mji unataka mabomba, bwawa la umeme linataka kujaa. Samaki hawana mwakilishi, kwa hiyo nimepewa mimi kuwasemea, na wenzangu huniita Mheshimiwa Kambare. Kazi ni kuyagawa maji hayo ili wa leo wapate na watakaozaliwa nao wayakute. Lakini huwezi kugawa kitu usichojua ni kiasi gani, ndiyo maana mpango wote umesimama juu ya madaftari ya wasoma vipimo wa zamani. Watu kama Baba.

Unamkumbuka alivyokuwa akitoka asubuhi? Buti zenye viraka, penseli nyuma ya sikio, daftari ndani ya mfuko wa plastiki. Mvua ikinyesha, yeye alilowa chapachapa na daftari likarudi kavu. Kule mtoni alichuchumaa mpaka macho yakawa sawa na maji, kana kwamba kuusoma ule ubao wa vipimo ukiwa umesimama ni kukosa adabu. Akirudi, Mama alimuuliza mgonjwa wake kaamkaje, naye alijibu bila kucheka kwamba kapanda sentimita mbili, anapumua vizuri. Sisi tulikuwa tukicheka hadi chai ikatutoka puani. Na ile amri yake ya pekee unaijua: kisanduku cha daftari kisiachwe kitupu hata siku moja. Alisema kisanduku kitupu ni ushahidi wa mtu aliyelala kazini.

Basi, miezi mitano iliyopita, binti wetu wa kompyuta, anayeniita Mzee mbele za watu na Babu nikikosea hesabu, alituita sote mezani kwake. Akasema katika vituo arobaini na kimoja vya kupimia mto, kimoja tu hakikupoteza hata siku moja kwa miaka ishirini na sita. Kilikuwa kituo cha Baba. Nilivimba, Dada! Niliwaagizia wote chai. Kisha akaonyesha mwaka ule wa ukame mkubwa. Vituo vingine vina mapengo, lakini kwa Baba mto haukushuka chini ya sentimita hamsini na tisa. Wakaamua, kwa ushahidi huo, kwamba wakulima wa juu wanaweza kufunguliwa mifereji minne mipya ya kiangazi, kwa sababu hata mwaka mbaya kuliko yote maji yalifika kwetu. Ofisi nzima ikampigia Baba makofi. Mimi nikaenda chooni, nikakaa huko mpaka wakagonga mlango. Nilipotoka nilirudi mezani, nikauandika mpango huo kwa mkono wangu. Miezi minne mizima.

Mwaka ule, Dada, ndio Baba alianguka darini akavunjika mguu. Mimi nilikuwa nimemaliza shule, nasubiri matokeo, naye akanikabidhi penseli. Wiki mbili za kwanza nilikwenda kama mtu mwema, maji yakiwa bado kwenye sitini na kitu. Kisha mto ukakatika ghafla: siku moja nikafika nikakuta maji yameuacha ubao. Umesimama peke yake mchangani kama abiria aliyeachwa na basi. Chini ya sifuri hapakuwa na namba, na sikuwa nimefundishwa niandike nini. Ningeandika "hakuna maji," basi. Lakini nilikitazama kile kisanduku kitupu, nikauona uso wa Baba, nikaandika sitini. Kesho yake sitini na moja, isionekane nimenakili. Kesho kutwa hamsini na tisa. Siku moja niliuonea mto huruma nikauongezea sentimita nne. Baada ya hapo sikujisumbua tena kwenda. Nilishinda dukani kwa fundi cherehani, na unajua nilimfuata nani pale. (Wifi yako asiuone ukurasa huu. Yule mwenyewe alinikataa, namshukuru.)

Na wewe miezi hiyo hiyo ulikuwa unachimba mchanga kwa kikombe, unangoja maji yajikusanye, unarudi na ndoo nusu. Nakumbuka ulivyonifokea nilipofulia shati maji yale. Ulisema mimi sina macho. Siku hiyo daftari lilisema sitini.

Jumatano nimewaambia ofisini. Mkuu wetu, ambaye tunamwita Bwana Ratiba kwa sababu hata kupiga chafya hupangia saa, aliniuliza kama nililala vizuri. Akasema miezi mitatu ya zamani hizo haiwezi kutikisa kurasa mia mbili. Binti wa kompyuta hakucheka. Aliifuta ile miezi, akaweka ukame wa kweli kwa kukisia, akapiga hesabu upya. Mchana jibu likatoka: mifereji minne ikifunguliwa, katika kila miaka mitano, miwili mtachimba mchanga tena. Bwana Ratiba akakaa. Akasema hawezi kusimamisha mpango kwa neno la mtu aliyekiri kuwa ni mwongo. Anataka waliouona mto kwa macho. Kuna kikao tarehe ishirini. Mkitia sahihi kabla ya hapo, mpango umepita.

Kwa hiyo njoo, na wenzako mliochimba pamoja. Semeni mlichimba wapi, na mkono uliingia hadi kiwiko au hadi bega. Binti anasema kwake bega la mtu ni kipimo tosha.

Limebaki moja, nalo ndilo zito. Wiki iliyopita nilishuka stoo nikalifungua daftari lenyewe. Mwaka ule Baba alipopona alikwenda mtoni na mkongojo wake, akarudi, akaniomba daftari. Alifunua kurasa polepole. Miezi mitatu alikuwa amekunywa maji ya ndoo zako, Dada, alijua. Alinitazama, kisha chini ya kila ukurasa, palipoandikwa "Imehakikiwa," akaweka jina lake. Akairudisha penseli nyuma ya sikio, na hadithi ikaishia hapo. Miaka yote hii nilidhani nilimdanganya. Nimeziona sahihi zile tatu, na mkono umetetemeka katika zote. Nikisema kikaoni, watajua na yeye alijua, na makofi yale yatakwisha. Itakuuma, nami inaniuma. Lakini Baba alitia sahihi ili kunilinda mimi. Wewe usitie.

Msalimie shemeji, na watoto wote, na mama zetu wa bustani za kando ya mto. Waambie wana ruhusa ya kunicheka mbele za watu. Nitakupokea stendi. Ukija na ile fimbo ni sawa, ila unichape baada ya kikao.

Ni mimi mdogo wako,
msoma vipimo wa miezi mitatu.