Nyekundu Tuliyobishania

Mama, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa dukani, kwenye stuli yako. Tangu tukurudishe Rombo, tukakulaza migombani, Mama Mdogo ndiye anauza vitenge. Vya harusi kavihamishia mbele, ungegomba wewe! Jua la alasiri limeingia hadi kwenye majora, vumbi linaelea ndani yake taratibu, nami nimeliangalia mpaka chai imepoa.

Nyota huanza hivyo hivyo, Mama. Vumbi na gesi vinaelea gizani, vinavutana, vinakusanyika, vinabanana mpaka katikati panawaka. Vumbi linalobaki likizunguka ndilo linalokuja kuwa sayari. Hata hii Kariakoo yetu na makelele yake yote ilikuwa vumbi.

Unakumbuka nilivyorudi kutoka chuoni nikakuambia nyota nyekundu ni za baridi kuliko za buluu? Ukasema, "Wewe! Kwani mkaa ukikolea unakuwa rangi gani?" Nikacheka mbele ya wateja. Nikasema, "Mama naye, haya si mambo ya dukani." Ukakunja jora. Sikukuomba radhi, nikijua muda upo. Muda gani, jamani.

Sasa sikia. Mwezi uliopita mwalimu wangu alinipa nyota changa niipime. Nikaiona nyekundu, nikaandika haraka haraka: ya baridi. Akanirudishia kazi: "Umesahau vumbi." Kumbe bado imo ndani ya wingu lililoizaa, na vumbi la wingu linazuia buluu, nyekundu ndiyo inayopenya. Nikaichambua nuru yake upya, rangi kwa rangi, nikiondoa kazi ya vumbi. Moto, Mama! Kulishinda jua letu, tena kwa mbali.

Nililia palepale, wenzangu wakadhani nimefeli. Maana nilikusikia. Mteja akiuliza rangi, ulitoka na jora hadi mlangoni, juani, ukalipiga makofi mawili: "Kung'uta vumbi kwanza, ndipo useme rangi." Nimekua nikilisikia hilo, na bado nikalisahau.

Nisamehe, Mama. Nilikuaibisha, na inaniuma.

Desemba tukipanda kuja nyumbani Rombo nitakaa nawe pale migombani mpaka giza liingie. Ile nyota haionekani kwa macho, kwa hiyo nitakuonyesha upande tu. Na kila nuru nitakayopewa, nitaikung'uta kwanza. Nakuahidi.

Pumzika, mama yangu. Ni nyekundu, na ni ya moto. Hii moja umenishinda.

Mwanao,
Neema