Risasi za Upande wa Kushoto

Ndugu yangu, nimejifungia chooni kwa wakwe. Usinipigie, watasikia.

Unaikumbuka mashine ya gemu ya baba mkwe, ile anayojisifu hajashindwa miaka ishirini? Chipu yake moja ilikufa, na siku hizi haitengenezwi tena. Nikaprogramu moduli ndogo ifanye kazi yake, nikaichomeka leo mbele ya familia nzima. Ikawaka. Wakanipigia makofi.

Mzee akasogeza chombo chake cha angani kushoto kama kawaida, akaanza kucheza. Akafa baada ya sekunde nne.

Akarudia. Nne.

Kumbe ile chipu ilikuwa na ugonjwa miaka yote kabla ya kufa. Maadui wa kushoto walikuwa hawapigi risasi. Hawapigi kabisa! Na mzee anatuambia kukaa kule ni mbinu.

"Umeiharibu," akaniambia.

Nami kwa ujinga wangu: "Hapana baba, sasa ndiyo nzima."

Sasa ndiyo nzima. Nimemwambia hivyo mbele ya wanawe wote.

Mama mkwe akaacha kukunja nguo, akaomba ajaribu. Akapita hatua tatu za gemu.

Mzee akanivuta hadi koridoni, akaninong'oneza: "Hicho kidude chako, huwezi kukifundisha ule ugonjwa wa zamani?"

Naweza. Ni mistari miwili tu ya programu, naituma bila waya. Kompyuta iko mapajani.

Ila mama mkwe amegonga mlango sasa hivi: "Mwanangu, usiguse kitu. Nimefika hatua ya saba."

Nimevuta maji tu.