Daftari la Biasha

Ukunda,
14 Novemba, 1998

Kwa Dada Mejumaa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Msambweni, na mguu umeacha kukusumbua. Sisi hatujambo. Mwanetu Iddi ameota meno mawili na anauma kila kitu, hata viatu vyangu.

Dada, Kiingereza kimenichosha. Hoteli iliniruhusu nikae kiti cha marehemu mke wangu, Biasha, katika darasa la saa tisa alasiri, nami nikakubali, mtu wa jembe na mikasi ya maua. Wiki ya tatu sasa Mwalimu Everline anafundisha jambo moja tu: yale maneno yanayokuja baada ya "ni" ya Kiingereza. Anasema mengine yanaeleza mtu alivyo, mengine yanamtaja ni nani. Mimi nayachanganya kila siku. Alinihurumia akanipa mfano wa bustanini: ua ni jekundu, ua ni waridi. Niliitikia, kisha nikakosea tena. Nahashon wa mapokezi akasema nilimwagilie daftari maji, huenda likaota. Darasa zima likacheka. Nilitoka pale nikitaka kulia, mtu mzima mimi.

Utauliza kwa nini nisiache. Hapo ndipo penye aibu yangu.

Siku ya arobaini, mlipogawana nguo za Biasha, uliniuliza lilipo daftari lake la Kiingereza mbele ya wazee. Nilisema limepotea. Halikupotea, dada. Nilikuwa nimelikalia, chini ya mkeka. Kanga zote zilikuwa zinaondoka, nami nilitaka nibaki na mwandiko wake, zile herufi zilizolala. Nilijua uligombana naye kwa kumwacha mtoto mchanga na kwenda darasani, na kwamba alikufa hamsemezani. Bado sikulitoa.

Sikuweza kulisoma, ndiyo maana nikaenda kusoma. Jana nilifika ukurasa wake wa mwisho, wa somo hili hili. Mwalimu alitaka mifano miwili, naye akaandika juu yako, wewe dada yake uliyemlea: Mejumaa ni mkali. Mejumaa ni mama yangu. Huo wa pili ameupigia mstari mara mbili. Tarehe ni ya wiki aliyofariki.

Ijumaa, inshallah, nikitoka msikitini nitakuletea. Daftari ni lako. Naomba uniachie ukurasa mmoja, wowote usiokuwa huo.

Nisalimie Rai na watoto wote. Niwie radhi.

Shemeji yako,
Alfani