Kompyuta ya Madam Njeri Iliponyamaza

Mutuini, Jumanne, 14 Juni 2005. Mwezi wa tano tangu nitoke nyumbani.

Aibu hainiachi nilale. Madam Njeri, mchapaji wetu wa ofisini asiyeona, hutumia kompyuta inayomsomea kwa sauti. Usiku stima ilipotea, na leo asubuhi alipoiwasha ikanyamaza. Nilikuwa hapo napiga deki.

"Wekesa, niangalizie imeandika nini."

Kilikuwa Kiingereza. Mimi shule niliachia darasa la tatu. Nikamwambia, "Inawaka tu madam, ngoja kidogo."

Akangoja, mikono juu ya meza. Meneja akaja kuulizia barua zake. "Kama hii kitu itakuwa inanyamaza hivi, si tutafute mtu mwenye macho?" Alisema akiwa amesimama mbele ya madam. Na mwenye macho alikuwa hapo, ameinamia ndoo.

Meneja alipoondoka nikamwambia madam ukweli, kwamba Kiingereza sijui kusoma.

"Na herufi?"

"Herufi najua."

"Si ungesema. Nitajie moja moja."

Nikamtajia kama mtoto wa nasari, mpaka F na moja. Kumbe mashine ilikuwa inangoja kitufe hicho tu ndipo iendelee. Akakibonyeza, na baada ya muda ikaanza kuongea.

"Wekesa, karibu unifutishe kazi," akasema, akicheka. Mimi sikuweza kucheka.

Desemba shule zikifungwa nitakuwa nyumbani. Binti yangu Nafula yuko darasa la sita. Nitakaa naye nje, anifundishe kusoma Kiingereza, hata majirani wakituona.