Makapu ya Saa Saba

Jumatatu, 1 Juni

Andazi baridi na maji ya bomba. Tena. Mlango wa kantini unatoa harufu ya wali bure, wali wenyewe sio. Tangu mpangaji mpya aichukue, bei imepanda na upawa umekuwa mdogo. Siku hizi wanaokula pale ni wakufunzi na watoto wa wakubwa.

Baridi imeshuka kutoka milima ya Matogoro. Kipindi cha saa nane nililala juu ya daftari. Mkufunzi akaniuliza mbele ya wote nina tatizo gani. Njaa, nikajibu. Darasa likacheka. Sikuona cha kuchekesha, nusu yao walikuwa wamekula nilichokula mimi.

Na somo lenyewe? Umuhimu wa chakula cha mchana shuleni. Hiki ni chuo cha ualimu. Tunakariri kwamba mtoto mwenye njaa hafundishiki, tunaandika kwenye mtihani, tunafaulu, tunatafuna andazi. Nimekasirika mpaka sasa.

Jumatano, 3 Juni

Nimeinama leo kutafuta kiatu chini ya kitanda, nikaona ujinga wetu. Unga wa kutoka kwetu Mbinga. Maharage, debe zima. Upande wa Zuhura, mwenzangu wa chumba, mchele na nazi za kwao Tunduru. Chakula kimejaa mvunguni na sisi tunashinda na njaa. Mkoa huu unalisha watu wa mbali, sisi wenyewe tunahesabu mandazi.

Shida ni muda. Wa hosteli hawaruhusiwi kupika tangu mmoja wao aunguze godoro. Sisi tuliopanga vyumba mtaa wa Mjimwema tuko huru kupika, lakini mapumziko ni saa moja tu. Hakuna maharage yanayoiva kwa saa moja pamoja na kwenda na kurudi.

Nimewaambia wenzangu: Jumatatu kila mmoja alete kopo la maharage. Tutapika nyuma ya stoo ya zamani, sufuria moja, tule wote. Baraka, kijana wa Namtumbo anayependa utaratibu, akataka tuombe ruhusa kwanza kwa Madam Haule, mlezi wa wanafunzi. Nikamwambia njaa haina baunsa. Hakufurahi.

Jumatatu, 8 Juni

Nimeharibu.

Nilimimina makopo yote kwenye sufuria kubwa ya mama. Nilijisikia kiongozi. Maharage ya kwetu ni ya msimu huu, yanaiva upesi. Ya Baraka yamekaa ghalani kwa bibi yake tangu mwaka juzi. Mwingine kaleta kunde, naye nikampokea kwa shangwe. Tukapokezana kutoroka darasani kuchochea moto. Saa saba tukafunua: nusu uji, nusu changarawe. Mtoto wa mkulima mimi, na nimefanya kosa ambalo hata wa mjini asingelifanya, maana wa mjini ananunua maharage ya aina moja.

Zuhura hakula. Aliuliza kama sufuria ile imewahi kupika kitimoto. Sikuweza kumdanganya. Akala ugali kwa chumvi, peke yake, akitabasamu ili nisijisikie vibaya. Nilijisikia vibaya.

Sisi wengine tulikula, changarawe na yote. Angalau kilikuwa cha moto.

Jumanne, 9 Juni

Matumbo. Foleni ya chooni ilifika uwanjani. Wawili wamepelekwa zahanati. Watapona, lakini kosa ni langu.

Madam Haule alikwenda nyuma ya stoo, akakuta majivu, akaondoka na sufuria. Ofisini hakupiga kelele. Alisema nikirudia kupika chuoni, sitakwenda mazoezi ya kufundisha mwezi ujao. Bila mazoezi simalizi. Nitasubiri mwaka mzima huku wenzangu wanaajiriwa. Mama anajua namaliza mwaka huu. Kijiji kizima kinajua.

Nikauliza kama njaa nayo ina adhabu yake. Akasema nina mdomo. Ninao.

Jumatano, 10 Juni

Andazi. Hakuna aliyenitazama usoni. Baraka hakusema "nilikwambia". Angesema, ingekuwa afadhali.

Jioni nimempigia mama. Alicheka kwanza, halafu akauliza sufuria yake iko wapi, halafu akaja juu. "Maharage ya nyumba zote hizo, chungu kimoja? Mwanangu, wewe umeona wapi?"

Kweli, sijaona popote. Nilichoona mimi utotoni ni sengu, uwanjani kwa babu. Sisi Wamatengo ndivyo tulivyokuwa tukila. Kila mke wa ukoo anapika jikoni kwake, kwenye chungu chake, kisha anakibeba kwenda kwa babu. Vyote vinawekwa katikati. Ukoo mzima unakula, maneno ya ukoo yanasemwa, na mtoto anayeuliza chungu hiki cha nani anakula kofi. Aliyepika kingi na aliyepika kidogo wanatoka wote wameshiba.

Sikupaswa kuchanganya maharage. Nilipaswa kukusanya vyungu. Kwa mtindo huo Zuhura anakula kutoka sufuria yake na roho yake imetulia.

Sasa chungu kitoke Mjimwema asubuhi na kifike saa saba kikiwa cha moto? Hapo nimekwama.

Jumamosi, 13 Juni

Jibu nilikuwa nalala nalo chumba kimoja. Kila mwezi wa Ramadhani, Zuhura hukataa katakata kuamka kuwasha mkaa wa daku. Hupika kabla ya kulala, hufunga sufuria kwa kanga, huitumbukiza ndani ya blanketi kuukuu. Akiamka, chakula kinamsubiri na joto lake. Nilikuwa namcheka, namwambia amelaza mtoto.

Leo tumemlaza mtoto wa maharage. Tuliyaloweka jana. Yamechemka jikoni mpaka tukamaliza kufua mashuka, yakawa yameanza kulainika. Sufuria ikiwa bado inatokota tukaikaza kifuniko, tukaizika kwenye kapu la nyasi kavu, blanketi juu. Tukaenda sokoni. Tukazurura makusudi, tukabishana na kila mwenye nyanya. Tuliporudi na kufunua, mvuke ukanipiga usoni. Yameiva yote! Na mkaa tumetumia nusu ya kawaida. Tulipiga vigelegele mpaka mama mwenye nyumba akaja kuuliza nani anaolewa.

Jumatatu, 15 Juni

Jana tulizungukia vyumba vya Mjimwema kuwaonyesha wenzetu. Leo makapu saba, juu ya mikeka, nje ya ukumbi. Maharage ya kila nyumba peke yake. Ugali uliofungwa vizuri. Kisamvu. Wali wa nazi wa Zuhura kwenye sufuria yake isiyojua nguruwe. Kwa baridi ile mvuke ulionekana kutoka getini. Wale wawili wa zahanati walikuja, na nilifurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Baraka alileta maharage yale yale ya bibi yake. Ameyaloweka na kuyachemsha mpaka yamesalimu amri.

Sheria yetu ni moja, huulizi kapu la nani. Asiye na kapu anachota maji na kuosha vyombo.

Madam Haule akaja. Tukamwamkia, shikamoo ya watu wengi kwa mpigo.

"Nani amepika hapa?"

"Hapa hakuna aliyepika, madam. Karibu chakula."

Alizunguka makapu akitafuta moto. Hakuna moto. Akainua blanketi kwa ncha za vidole, akaona nyasi, akalirudisha. Hakukaa. Aliniambia kesho nifike kwa mkuu wa chuo.

Jumanne, 16 Juni

Mkuu wa chuo, Madam, na mpangaji wa kantini, wote wametoka kunywa chai. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mpangaji alilalamika kwamba tunamfukuzia wateja. Wateja gani? Sisi alitufukuza kwa bei siku nyingi.

Mkuu alikiri kwamba makapu hayajavunja sheria ya kupika. Nikaanza kutabasamu. Mapema mno. Akasema la stoo bado liko pale pale, na majibu yangu kwa mlezi yako pale pale. Ijumaa nisimame mbele ya paredi niombe radhi, niseme chakula cha makapu ni hatari, wenzangu waache. Nikikataa, mazoezi siendi.

La stoo niliomba radhi hapo hapo, kwa moyo wote. Watu waliumwa kwa mkono wangu. La makapu nikasema hapana.

Alhamisi, 18 Juni

Nimegombana na Zuhura. Anasema ni maneno tu, niyaseme, niende nikafundishe, makapu yataendelea kimya kimya. Ana akili kuliko mimi. Lakini nikitamka kwa mdomo wangu kwamba ni hatari, mwanafunzi gani wa mwaka wa kwanza atathubutu kubeba kapu? Mpangaji atapata kantini yake na mimi nitapata cheti. Nikamwambia yeye ni mwoga. Akageukia ukutani.

Mama naye amelia kwenye simu. Hakunikataza. Alilia tu.

Naogopa. Nimeliandika ili nilione. Naogopa, na siombi radhi kwa kushiba.

Ijumaa, 19 Juni

Mkuu aliniita mbele. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yote yakapotea. Nikasema maharage mabichi ni hatari, niliwalisha, nisameheni. Nikasema maharage yaliyoiva ni chakula, saa saba, nje ya ukumbi, karibuni wote.

Kicheko kidogo. Halafu makofi, kutoka nyuma kuja mbele. Halafu kengele, ikagongwa kabla ya wakati wake.

Siendi mazoezi. Nitakwenda na kundi la mwakani. Na kwa wiki mbili nisikanyage chuoni. Sufuria ya mama nimerudishiwa, imeoshwa vizuri. Nadhani ni Madam Haule aliyeiosha.

Jumatatu, 22 Juni

Nimefua. Nimefagia uwanja wa mama mwenye nyumba ingawa hakuniomba. Zuhura aliondoka asubuhi na kapu lake. Tangu tugombane tunasalimiana tu.

Saa saba nilikaa mlangoni. Sikupika. Kujipikia peke yako ni kazi kubwa. Niliwafikiria pale kwenye mikeka, nikajaribu kukisia makapu mangapi, nikaacha.

Zuhura amerudi jioni, akaweka kapu mbele yangu, akaingia ndani kuvua viatu. Nilidhani ni tupu. Nikainua blanketi ili nikaanike nyasi. Ndani kulikuwa na sufuria yake ile, ambayo hajawahi kumwazima mtu. Wali upande mmoja, kipande cha ugali, kisamvu, na maharage ya rangi tatu, kila rangi imekaa mahali pake.

Kwenye sengu asiyekuwepo hutengewa, kutoka kila chungu. Hilo sikuwahi kuwaambia.

Kilikuwa bado cha moto. Nimenawa mikono, nikamwita Zuhura, tukala.